Kutoka kaunta ya spea hadi meza ya Las Vegas: shajara ya mradi

Jumamosi, 4 Januari 2025. Mtaji: 20,000

Leo nimefungua kitabu kipya, kile cha hesabu chenye jalada gumu jeusi, ndugu yake na kile tunachoandikia madeni ya makanika dukani. Ukurasa wa kwanza una namba mbili tu: 20,000 na 1,290,000. Ya kwanza ni pesa niliyopata kwa kuuza runinga ya zamani na baiskeli iliyokuwa ikiliwa na kutu pale kwenye ngazi. Ya pili ni dola 10,000 kwa kiwango cha shilingi 129, ada ya kuingia mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas. Nataka kuketi kwenye ile meza nikiwa mchezaji, nimelipiwa kiti na karata zenyewe.

Nauza spea Kirinyaga Road, Nairobi. Nina miaka 36, watoto wawili, nyumba ya kupanga Umoja, na sijawahi kupanda ndege. Najua mtu akisikia mradi huu atafikiri nini. Ndiyo maana naandika kila shilingi, ili asiwepo wa kuipindisha hesabu baadaye, hata mimi mwenyewe.

Masharti tuliyapanga jana usiku na mke wangu baada ya watoto kulala. La kwanza ameliandika yeye kwa mkono wake ndani ya jalada: "Pesa ya poka haingii kwenye unga, pesa ya unga haingii kwenye poka." Mtaji unakaa kwenye laini yangu ya pili ya simu na haufanyi kazi nyingine. Mashindano yoyote nisilipe zaidi ya asilimia mbili ya mtaji, yaani leo ni 400. Nikivunja sharti nakaa nje wiki mbili. Mtaji ukiisha, mradi umekwisha, na hakuna kukopa.

Jumapili, 19 Januari. Mtaji: 20,400

Nimempigia mama Mombasa. Nilitaka asikie kutoka kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamweleza. Akauliza, "Poka? Si ile yenu ya shule, ya 'niko kadi'?" Ana haki ya kuuliza, maana hapa Kenya ukitaja poka wengi huwaza mchezo huo tuliokua nao, mbili na tatu za kulisha, nane na malkia za swali, ghulamu wa kuruka. Nikamwambia hii ni nyingine, Texas Hold'em. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani kwa wote, na dau linawekwa kwa awamu nne. Aliposikia dau akanyamaza. Halafu akasema, "Kamari ni kamari, mwanangu. Usiniletee hata sukari ya pesa hiyo."

Nimemwitikia na sitabishana naye. Lakini aliyenifundisha karata ni baba yake, pale Majengo, barazani baada ya alasiri. Kwake ree, ile karata yenye A, ilikuwa ree, sijasikia jina jingine la karata ile mpaka nilipokuja Nairobi. Babu alihesabu kila turufu iliyoanguka, na mchezo ukifika katikati alikuwa anajua nilichoshika kuliko nilivyojua mimi. Nilimkumbusha mama hilo. "Ndiyo," akasema, "na hakucheza kwa pesa hata siku moja." Hilo nalo ni kweli, na nimeliandika.

Jumamosi, 15 Februari. Mtaji: 21,850

Wiki tatu za kusoma zaidi ya kucheza. Asubuhi kabla makanika hawajafika napanga nati kwenye kaunta na kupiga hesabu. Pakiti ina karata 52, hivyo karata mbili za mkononi zaweza kuja kwa njia 1,326. Jozi ya ree ina njia sita tu kati ya hizo. Gawanya, ni mara moja kwa kila 221. Kila jozi nyingine nayo ina njia sita. Ree na mfalme wana njia 16. Namba hizi nazirudia kwenye matatu mpaka zimeanza kuja zenyewe.

Kaunta nayo inafundisha. Mteja aliye na pesa kamili huuliza "bei ya mwisho?" akiwa tayari ameshika breki pedi mkononi. Asiye nayo huiacha kwenye kaunta na kuanza kusifia duka la jirani. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisoma mikono ya watu bila kujua kwamba kuna meza ambapo ujuzi huo una thamani.

Jumapili, 9 Machi. Mtaji: 17,600

Nimevunja sharti.

Jana nilikuwa na 22,600 na nikalipa 5,000 kuingia mashindano ya kasino moja upande wa Westlands. Asilimia mbili ilikuwa 452. Nilikuwa nimepeleka spea kwa mteja, nikapita, nikaona meza zimepangwa na kitambaa cha kijani kimenyooshwa, na moyo ukaamua kabla ya kichwa. Mke wangu nilimpigia nikiwa nimeshalipa. Hilo limemuuma kuliko zile elfu tano.

Tulikuwa 31. Tangazo la mlangoni lilisema watalipwa watano. Katikati ya mchezo tukaambiwa ni wanne, kwa kuwa watu hawakutosha, na nilipouliza nikajibiwa kwamba kanuni za nyumba zinaruhusu. Nilistahili kuambiwa kabla sijatoa pesa, na bado naona hivyo.

Sasa karata yenyewe. Nimeshika ree na tisa, zote za shupaza. Mezani zinafunguliwa mfalme wa kopa, saba ya shupaza, nne ya shupaza. Ikija shupaza moja zaidi nina shupaza tano, nazo zinashinda jozi yoyote. Katikati kuna chipu 6,000. Mzee mmoja mpole, koti amelitundika nyuma ya kiti, anasukuma zote alizobaki nazo, 9,000. Nikimfuata, fungu zima litakuwa 24,000 na mimi nimechangia 9,000, kwa hiyo ili nisipate hasara lazima nishinde mara 37 na nusu kwa kila mia. Shupaza ziko 13, nne nimeziona, zimebaki tisa. Kukiwa na karata mbili za kufunguliwa, hizo tisa ni kama asilimia 35. Haitoshi. Nikatafuta nyongeza: ree tatu zilizobaki, nazo zitanipa jozi kubwa kuliko ya mfalme. Tisa na tatu ni 12, asilimia 45. Nikafuata.

Mzee akafunua ree na mfalme. Basi zile ree nilizojiongezea hazikuwa zangu, maana ikija ree na yeye anapanda, bado ananipita. Nilipaswa kumwona. Mtu aliyekaa saa mbili bila kusukuma chochote, akisukuma zote mezani kukiwa na mfalme, anaweza kuwa na nini kingine?

Karata ya nne haikusaidia mtu. Ya mwisho ikaanguka malkia wa shupaza. Meza nzima ikanipigia makofi. Mzee akanipa mkono, "Hongera kijana," akachukua koti lake.

Nilitolewa baadaye nikiwa wa tisa, bila kitu. Kutolewa kule kulikuwa kwa kawaida na sina la kuandika. Niliyoiandika kwa wino mwekundu ni ile niliyoshinda. Asilimia 35 ya 24,000 ni 8,400. Nililipa 9,000 kununua kitu cha 8,400. Tena hiyo ni hesabu ya chipu peke yake. Kwenye mashindano chipu inayokutoka ina uzito kuliko inayokuingia, kwa sababu ukiongeza chipu zako maradufu, nafasi yako ya zawadi haiongezeki maradufu. Kosa la aina hii linanitia hofu kuliko kupoteza, kwa maana nilipigiwa makofi kwa ajili yake.

Wiki mbili nje, kuanzia leo.

Jumatatu, 24 Machi. Mtaji: 17,600

Nimerudi. Nimeongeza safu mbili kitabuni: uamuzi, na matokeo. Kila mkono mkubwa unajazwa kote kuwili, na safu ya uamuzi inajazwa kwanza.

Jumapili, 18 Mei. Mtaji: 32,900

Nimeshinda mashindano ya mtandaoni. Kiingilio dola 2, tuzo ya kwanza dola 121, zaidi ya shilingi 15,600. Ndiyo pesa nyingi zaidi niliyowahi kupata kwa karata.

Tulipobaki watatu stima ikapotea mtaa mzima. Simu ilikuwa na chaji asilimia 19, na intaneti ya nyumba imezimika pamoja na taa. Mke wangu aliyekuwa ameshalala akaamka bila kuitwa, akawasha data kwenye simu yake, akasimama dirishani akiwa ameinua mkono mahali ambapo mtandao hushika. Dakika ishirini na tano alisimama vile, akibadilisha mkono. Hakuniuliza lolote isipokuwa mara moja: "Wamebaki wangapi?" Nilipomwambia nimebaki peke yangu alikaa kitandani akacheka mpaka mtoto akaamka.

Tulikunywa chai saa nane usiku kwa mwanga wa mshumaa, nikamsimulia habari za Chris Moneymaker, ambalo ni jina lake halisi. Alikuwa mhasibu wa Tennessee, Marekani, miaka 27. Mwaka 2003 alipata kiti cha mashindano makuu kupitia mashindano madogo ya mtandaoni, yale wanayoyaita setilaiti, ambapo mnalipa kidogo na mshindi anapewa kiti badala ya pesa. Las Vegas walikuwa wachezaji 839. Akawashinda wote na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata walikuja 2,576, na kufikia 2006 walikuwa 8,773, wengi wao watu wa kazi za kawaida waliokuwa wameona kwamba mlango upo.

Mke wangu akauliza swali zuri: "Na wale 838 walirudi nyumbani na nini?" Baadhi yao walilipwa. Wengi walirudi na nauli.

Jumapili, 20 Julai. Mtaji: 31,700

Mashindano makuu ya mwaka huu yamekwisha wiki hii. Waliingia 9,735, akashinda Michael Mizrachi, dola milioni 10. Nimefuatilia kila siku kwenye simu, na nimejifunza zaidi kwa kutazama mwendo wa mchezo kuliko kwa kutazama mshindi. Kila mmoja anaanza na chipu 60,000, na dau la lazima linapanda baada ya kila saa mbili. Ni mwendo wa polepole mno ukilinganisha na yale ya kasino hapa kwetu, ambapo baada ya dakika ishirini unasukumwa ukutani. Mtu mwenye subira ana pa kuitumia kule.

Nimekaa pia na gharama. Kulipa dola 10,000 taslimu nimekufuta kabisa. Njia ninayoiona ni setilaiti zinazochezwa palepale Las Vegas kwa dola 1,100, ambapo takriban kila watu kumi wanaolipa wanazaa kiti kimoja. Hiyo ni shilingi 141,900. Ada ya viza ni dola 185, mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi New York ipo tangu Oktoba 2018, lakini kutoka New York hadi Las Vegas ni kuvuka bara zima. Ongeza mahali pa kulala. Na nikishinda, Marekani itakata asilimia 30 kwa mgeni wa nchi isiyo na mkataba nayo wa kodi, na Kenya ni mojawapo. Nimeyaandika yote kwenye ukurasa mmoja nikaubandika ndani ya kabati. Kila asubuhi nikichukua shati nauona.

Jumamosi, 23 Agosti. Mtaji: 26,400

Mwezi mbaya. Mkono mkubwa kuliko yote nilikuwa na jozi ya ree, mwenzangu jozi ya wafalme, na chipu zote zimeingia kabla ya karata ya mezani. Hapo nina zaidi ya asilimia 80. Mfalme akaja. Uamuzi: sawa. Matokeo: hasara. Nikafunga kitabu nikalala.

Lililoninyima usingizi ni jingine. Binamu yangu alikuja Jumatano usiku. Amepoteza karo ya muhula wa tatu kwenye simu, ule mchezo wa ndege inayopaa mpaka inatoweka. Hakuja kukopa. Alikuja kuniomba nimfundishe "hiyo ya karata, wewe inakulipa". Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, simu imelala kwenye goti, na kila ikiwaka macho yake yanaifuata.

Nilikataa. Nikamwambia aje Jumamosi yoyote ale nasi, ila karata hatagusa kwangu. Nilimweleza kwamba kwenye ule wake anashindana na kampuni, na hesabu imepangwa ampe kampuni kila akicheza muda mrefu. Kwenye poka nashindana na watu walioketi nami, na mwenye meza anakata chake kwenye fungu au kwenye kiingilio. Kwa kuwa anakata, wachezaji walio wengi wanapoteza. Mimi mwenyewe baada ya miezi minane nimeongeza 6,400 tu. Ningefanya saa hizo ubebaji mizigo Gikomba ningekuwa na zaidi. Nilimwonyesha kitabu aone. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, hasa ule wa wino mwekundu.

Karo tumechanga familia nzima. Fungu langu limetoka kwenye mshahara, na sikugusa laini ya pili, kwa kuwa mama naye alichanga na pesa zisingeweza kuchanganyika.

Jumapili, 12 Oktoba. Mtaji: 41,200

Mara mbili nimefika meza ya mwisho mtandaoni, wa pili na wa nne. Nacheza mikono michache zaidi.

Jumamosi, 1 Novemba. Mtaji: 45,900

Leo mradi umebadilika, na nadhani ni jambo kubwa kuliko ushindi wa Mei.

Tangu mwaka jana tunacheza Jumamosi watu wanane, nyumba kwa nyumba: mwalimu mstaafu wa Buruburu, dereva wa matatu, wauguzi wawili, fundi simu, dada mmoja mwenye duka la vitambaa, kijana wa chuo, na mimi. Mia mbili kila mmoja, wa kwanza anachukua 1,000, wa pili 600. Chipu zetu ni vifuniko vya soda. Vyekundu 25, vya machungwa 100, vya kijani 500.

Nilikuwa nimeleta ile karatasi ya kabatini. Mwalimu akaisoma hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Kijana, hii ni kazi ya chama." Muuguzi mmoja akawa ameshatoa kalamu. Elfu moja mia tano kwa mwezi, watu wanane, miezi 12, ni 144,000. Setilaiti moja ni 141,900. Tukatazamana.

Nimekuwa nikiupiga huu mlima peke yangu miezi kumi, na hali nchi hii watu wananunua mashamba, wanasomesha na kuzika kwa chama. Hata wachezaji wakubwa huuza sehemu ya ushindi wao kabla ya kuketi, ili hasara isimwangukie mmoja. Sikuwa nimeliunganisha hilo na kile mke wangu anachofanya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na wenzake.

Masharti: pointi nane kwa wa kwanza, moja kwa wa mwisho, kila Jumamosi, mwaka mzima. Atakayeongoza ndiye atakayekwenda mwaka 2027. Akinyimwa viza anakwenda anayemfuata. Nauli ni juu ya anayekwenda. Akishinda chochote, nusu yake, nusu ya saba waliobaki. Katibu ni yule dada wa vitambaa, maana haogopi kudai.

Kwa hiyo anaweza kwenda mtu mwingine. Nimelala na wazo hilo, likakaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mchango wangu utatoka kwenye mtaji.

Jumamosi, 29 Novemba. Mtaji: 47,300

Jumamosi ya tano ya chama. Nimekuwa wa pili leo.

Mkono mmoja. Nina jozi ya ghulamu, nzuri. Mwalimu anapandisha dau, mimi napandisha juu yake, naye anasukuma vifuniko vyote. Nilipe 4,100 kwa fungu litakalofika 10,000, kwa hiyo nahitaji asilimia 41. Mwalimu hasukumi hivyo ila ana ree na mfalme, au jozi ya malkia kwenda juu. Ree na mfalme ni njia 16, hapo nimemzidi kidogo. Jozi tatu kubwa ni njia 18, hapo nashinda chini ya mara moja kwa tano. Nikizichanganya napata kama 36. Kijana wa chuo ananiambia, "Fuata bro, ghulamu hao!" Nikatupa.

Mwalimu akafunua ree na mfalme. Wote wakaguna kwa niaba yangu. Nikaandika palepale, safu ya uamuzi kwanza: sawa. Mwalimu akainamia kitabu akasoma hesabu, akafuata mstari kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Umesahau kwamba nimezeeka. Siku hizi nasukuma na kumi-kumi pia." Nikaiongeza hiyo pembeni, njia sita zaidi ambazo ningeshinda nne kati ya tano. Zikiingia, ninafika kama 43, na kutupa kunakuwa kosa dogo. Sijui kama alisema kweli au alikuwa ananipandia mbegu ya Jumamosi ijayo. Nitamtazama.

Msimamo: mwalimu 31, muuguzi mmoja 28, mimi 26. Katibu ana shilingi 12,000 na risiti nane.

Jumamosi ijayo tunacheza kwangu. Vifuniko vya kijani vimepungua, na watoto wameambiwa soda ya Jumapili ni ya rangi hiyo.